Ofa ninayo, ila sijui kama naichagua au naukimbia ubao

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, nasoma sayansi ya kompyuta. Ijumaa saa kumi jioni natakiwa niwe nimeijibu barua ya ofa ya kazi, na kila ninayemwomba ushauri ananijibu upesi mno, kana kwamba jambo lenyewe halina pande mbili.

Nikueleze kwanza utaratibu wetu. Kampuni huja chuoni msimu wa usaili. Ofisi ya ajira ya chuo inakusanya wasifu wetu, kampuni zinachuja kwa alama, na waliobaki wanafanya mtihani kwenye kompyuta: hesabu na mantiki, halafu maswali machache ya kuandika programu huku saa ikihesabu kurudi nyuma. Programu yako inapitishwa kwenye majaribio ambayo mengine huyaoni, kwa hiyo unaweza kudhani umemaliza kumbe orodha tupu au namba hasi imekuangusha. Ukipita, unaitwa kwenye usaili wa kiufundi, kisha unaonana na watu wa rasilimali watu. Na ipo kanuni moja inayotutesa: ukishasaini ofa ya kampuni moja, jina lako linaondolewa kwenye orodha, husailiwi tena na nyingine. Wanasema ni ili nafasi ziwafikie wengi.

Kampuni ya kwanza kuniita ndiyo niliyokuwa nikiitamani tangu mwaka wa kwanza. Mtihani nilipita vizuri. Siku ya usaili niliingia chumbani nikakuta watu wawili na ubao mweupe. Swali lilikuwa jepesi, Shangazi, na ndiyo sababu linaniuma mpaka leo. Umepewa orodha ya namba na jumla fulani. Tafuta namba mbili ambazo ukizijumlisha unaipata jumla hiyo. Nikaandika njia ya kawaida: chukua kila namba, ilinganishe na nyingine zote. Mmoja akauliza, "Na orodha ikiwa na namba laki moja?" Nilielewa kwamba anataka njia ya kasi zaidi. Tena nilijua kwamba njia hiyo naijua. Lakini kichwa kikawa cheupe kuliko ule ubao. Nikasimama na kalamu mkononi, yule mwingine akainama akaanza kuandika kwenye daftari, na nikawa sisikii kitu ila mkwaruzo wa kalamu yake. Nilipotoka, hata bwenini sijafika, jibu likaja lenyewe: kila namba uliyoiona iweke kwenye jedwali la heshi, yaani hifadhi inayokujibu papo hapo kama kitu kimo au hakimo, na kila ukikutana na namba mpya uliza kama mwenzake yumo. Unapita kwenye orodha mara moja tu, kazi imekwisha. Barua ya "tunasikitika kukujulisha" ilinikuta nimeshajua.

Kampuni ya pili haikutumia ubao. Walitupa kazi ya kwenda kufanya wenyewe, programu ndogo ya kuazimisha vitabu, kisha tukaitwa kueleza kwa nini tumeiandika hivi na si vile. Nilizungumza karibu saa nzima bila kutetereka, hata wakacheka nami kidogo. Hao ndio walionipa ofa. Ila nafasi niliyoomba ni ya kutengeneza programu, na waliyonipa ni ya kupima programu zinazotengenezwa na wengine. Mshahara si mbaya kwa mtu anayeanza. Mkataba unanitaka nitumikie miaka 2. Nikiondoka kabla nalipa gharama za mafunzo, na vyeti vyangu halisi vinakaa kwao mpaka miaka hiyo iishe. Afisa wao alisema ni kawaida, kila anayeingia anasaini hivyo.

Halafu kuna kampuni ya tatu. Mtihani wao wa kompyuta nimepita, usaili wa kiufundi ni Jumatano ya wiki ijayo. Nafasi yenyewe ni ya kutengeneza programu. Na waliotutangulia wametuambia kwamba hawa nao ni watu wa ubao.

Mama anasema heri kenda shika kuliko kumi nenda uje, na siwezi kumlaumu, kwa sababu ada yangu aliilipa kwa tabu. Mwenzangu wa chumbani anasema nisaini, halafu Jumatano niende kimyakimya kwa hawa wa tatu. Wakinichukua, wale wa pili niwatoroke. Mhadhiri wangu mmoja aliniambia tu, "Kazi ya kupima usikubali, utabaki hukohuko."

Jambo ambalo sijamwambia yeyote kati yao ni hili. Nahisi nataka kusaini ili nisisimame tena mbele ya ubao. Na nikisaini kwa sababu hiyo, si nitakuwa nimekiri kwamba mimi si mtengeneza programu, ni mtu aliyefaulu mitihani tu? Nifanyeje?

Wako,
Mwenye siku chache

*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa mawazo, na hongera kwa ofa, maana katika barua yote hiyo sijaona mtu hata mmoja aliyekupongeza.

Umeuliza swali moja, kusaini au kutosaini, lakini nikikusoma naona mambo kadhaa yamefungwa kwenye furushi moja. Hujui kama kazi uliyopewa ni nzuri. Mkataba wake hujaupima. Na unajishuku kama kweli wewe ni mtengeneza programu. Hilo la mwisho ndilo linalokunyima usingizi, nalo umeliacha liyajibu mengine yote. La mkataba umelipitia kwa nusu sentensi. Mimi nitaanza na hiyo nusu sentensi.

Mwajiri kuomba vyeti halisi, kuvikagua na kubaki na nakala ni jambo la kawaida popote. Kukaa navyo miaka miwili ni jambo jingine kabisa. Shirika la Kazi Duniani lina orodha ya viashiria 11 vya kazi ya kulazimishwa, na kushikilia hati za utambulisho za mfanyakazi ni kimojawapo. Cheti cha shule si pasipoti, na sisemi kwamba kampuni hiyo ina nia mbaya. Huenda sharti limenakiliwa kutoka mkataba wa zamani na hakuna aliyewahi kuliuliza. Lakini fikiria siku utakapotaka kuomba kazi nyingine, au kuendelea na masomo, na kila mlango unadai cheti kilichofungiwa kabatini kwa mtu ambaye hataki uondoke. Sheria za kazi hutofautiana nchi kwa nchi, kwa hiyo mwonyeshe mkataba huo mtu wa sheria wa hapo mlipo, au walau ofisi ya ajira ya chuo, kabla kalamu yako haijagusa karatasi.

Na hizo "gharama za mafunzo", zimeandikwa ni kiasi gani? Je, deni linapungua kila mwezi unaotumikia, au anayeondoka mwezi wa 23 analipa sawa na aliyeondoka mwezi wa kwanza? Wakikuachisha wao, bado unadaiwa? Miaka yenyewe inaanza kuhesabiwa siku ya kusaini, siku ya kuripoti, au mafunzo yakiisha? Afisa aliyekwambia kwamba kila anayeingia anasaini hivyo amekueleza wenzako walichofanya. Wewe utadaiwa nini, hajakueleza.

Sasa kazi yenyewe. Mhadhiri wako namheshimu, na hofu yake si ya kubuni: wapo watu waliopewa kazi ya kubofya vitufe kwa kufuata orodha iliyochapwa, wakajikuta baada ya miaka hawana cha kuonyesha. Lakini ipo kupima kwa namna nyingine, ambako unaandika programu za kujaribu programu, na badiliko lolote la mtengenezaji halipiti mpaka majaribio yako yakubali. Hiyo ni kazi ya kuandika msimbo, yaani maagizo ya programu, kutwa nzima, tena inafunza kuwaza ni wapi programu inaweza kuharibika, jambo ambalo watengenezaji wengi hawalijui.

Nikupe mfano ninaoupenda. Unaujua ule utafutaji wa kugawa orodha iliyopangwa katikati, kisha nusu yake, kisha nusu ya nusu. Orodha ya vitu milioni moja inaisha kwa hatua kama 20. Kila mwanafunzi anafundishwa. Mwaka 2006 Joshua Bloch, ambaye ndiye aliyeandika utafutaji huo kwenye maktaba ya Java, yaani msimbo wa pamoja unaokuja na lugha hiyo ya programu, alieleza hadharani kwamba msimbo wake ulikaa na kosa kwa takriban miaka tisa bila mtu kuligundua. Kosa lilikuwa kwenye mstari wa kutafuta katikati: kujumlisha mwanzo na mwisho kisha kugawa kwa mbili. Orodha ikiwa kubwa sana, zaidi ya vitu bilioni moja hivi, jumla hiyo inavuka namba kubwa kabisa inayoweza kubebwa, inageuka hasi, na programu inaanguka. Dunia nzima iliutumia mstari ule. Hakuna aliyekuwa ameujaribu kwa orodha ya ukubwa huo.

Sikusimulii haya ili uipende kazi ya kupima. Nataka uone kwamba jina la nafasi halikwambii utakuwa ukifanya nini saa nne asubuhi. Waulize: wiki ya kawaida ya mtu wa nafasi hii ikoje? Anaandika msimbo kiasi gani, kwa lugha gani? Kuna aliyehama kutoka kupima kwenda kutengeneza, na alingoja muda gani? Wakikosa hata mtu mmoja wa kukutajia, hilo nalo ni jibu, na mhadhiri wako atakuwa amepata pointi. Waulize pia kwa nini uliomba hili wakakupa lile. Yawezekana nafasi za utengenezaji zilijaa. Yawezekana walimwona mtu anayeweza kueleza kwa nini jambo limefanywa hivi na si vile, wakaona wanamhitaji upande ule. Usijijazie jibu mwenyewe, maana naona jibu unalojijazia kila mara ni lile linalokudharau.

Tuje kwenye ubao. Mwaka 2020 watafiti wa North Carolina State University na Microsoft walichukua wanafunzi 48 wa kompyuta wakawapa swali la usaili. Nusu walilitatua ubaoni huku msaili akiwatazama na wao wakisema kwa sauti wanachofikiri. Nusu walilitatua ubaoni pia, lakini peke yao chumbani. Waliotazamwa, ufaulu wao ulishuka kwa zaidi ya nusu. Na hili ulisikilize wewe hasa, binti yangu: katika kundi la waliotazamwa hakuna mwanamke aliyefaulu, na katika kundi la waliokuwa peke yao wanawake wote walifaulu. Walikuwa wachache, kwa hiyo usiufanye msahafu. Lakini ukisoma hayo halafu ukajitazama wewe, uliyekosa jibu ndani ya chumba ukalipata njiani kabla ya kufika bwenini, utaona kwamba kilichokukwamisha kinaweza kisiwe upungufu wa elimu.

Hata hivyo sitakudanganya kwamba ubao ni upuuzi tu. Nimekaa upande wa pili wa meza ile kwa miaka kadhaa. Unajua yule wa daftari alikuwa akiandika nini? Simjui, lakini mara nyingi sisi huandika saa, au maneno ya mwisho aliyosema msailiwa, kwa sababu baadaye kuna fomu ya kujaza na mtu husahau. Jibu la kwanza la polepole tunalitarajia. Ndipo mazungumzo yanapoanza. Tunachoshindwa kukiandika popote ni ukimya. Ungesema tu, "Kulinganisha kila namba na nyingine zote kwa orodha ya laki moja ni hatua zinazokaribia bilioni 10, hiyo ni nyingi mno, natafuta namna ya kupita mara moja," tayari ungekuwa umempa msaili kitu cha kuandika, hata kama jedwali la heshi lingechelewa kuja. Mara nyingi wenyewe huwa tunatafuta mwanya wa kukusogeza.

Ukiamua kwenda Jumatano, basi usizitumie siku zilizobaki kukariri algoriti mpya, yaani njia za kutatua maswali kama lile. Unazijua za kutosha. Simama mbele ya ukuta, mwenzako wa chumbani akae na daftari, akukatize makusudi, aandike hata upuuzi, wewe useme kwa sauti kila unachofikiri. Na ukifika kule unaruhusiwa kuomba: "Nipe dakika moja nifikiri kimya, kisha nitaeleza." Wengine watakubali hata ukae na karatasi badala ya kusimama. Wengine hawatakubali, na utakuwa umejua jambo kuhusu mahali hapo.

Sasa ile siri yako. Unaogopa kwamba ukisaini kwa sababu ya hofu utakuwa umekiri jambo fulani. Mimi sioni hivyo. Mtu anaweza kuingia mahali pazuri kwa sababu dhaifu, na akaingia pabaya kwa sababu tukufu. Lakini kama unataka kujua ni hofu au ni hiari, jaribu hili ukiwa peke yako: tuseme kesho asubuhi kampuni ya tatu inakuandikia kwamba wamefuta ubao, watakupa kazi ya kufanya mwenyewe kama ile ya vitabu. Bado ungetamani kusaini Ijumaa? Jibu lako la haraka, kabla hujalipamba, litakuonyesha hofu inachukua nafasi kubwa kiasi gani katika uamuzi huu. Na likikuonyesha kwamba hofu ipo kweli, bado una haki ya kusaini. Usalama nao ni sababu, hasa kwa mtu ambaye ada yake ililipwa kwa tabu.

Ukiikataa ofa, tazama vilevile unachobaki nacho. Kwa kampuni ya tatu umepita mtihani wa kompyuta, basi. Mbele kuna usaili wa kiufundi, pengine zaidi ya mmoja, na wa rasilimali watu. Ukikosa, je, msimu unaendelea au kampuni zimekwisha kuja? Hilo hukuniambia na ni zito. Msimu wa chuoni si mlango pekee wa kazi hizi, ila msimu ukiisha utaomba peke yako, bila ofisi ya kukusukumia wasifu, ukichanganywa na watu wenye uzoefu.

Mwenzako wa chumbani naye ana mantiki yake. Kampuni zenyewe si malaika: mwaka 2022 kampuni kadhaa za teknolojia, Coinbase ya sarafu za kidijitali ikiwemo, zilifuta ofa ambazo watu walikwisha kuzikubali. Kwa hiyo sitakuhubiria uaminifu kana kwamba unadaiwa upande mmoja tu. Ninachokuomba upime ni gharama. Ukisaini huku umenuia kutoroka, lile deni la mafunzo linaweza kuanza kukuhusu siku hiyohiyo, kutegemea yale maswali ya mkataba. Chuo kinaweza kukuadhibu. Na kampuni iliyotorokwa mara nyingi hairudi msimu ujao, wakalipa walio nyuma yako. Tena utakwenda kusimama ubaoni ukiwa na jambo unalolificha, wewe ambaye kutazamwa tu kunakutosha kukufunga mdomo.

Kati ya kusaini na kukataa kuna kuomba muda, na ajabu ni kwamba hakuna aliyekutajia. Kampuni ya pili inaweza kuombwa isogeze tarehe wiki moja. Kampuni ya tatu inaweza kuombwa ikusaili mapema. Hatari ipo: wanaweza kukataa, na siwezi kukuapia kwamba hakuna mwajiri anayekasirika. Lakini ombi la adabu lenye sababu halisi si ukorofi, na sababu halisi unayo, haihitaji kubuniwa. Unaweza kuandika hivi:

"Nashukuru sana kwa ofa yenu, na nilifurahia mazungumzo yetu kuhusu programu ya kuazimisha vitabu. Kabla ya kusaini ningependa kuelewa mambo machache: kiasi cha gharama za mafunzo na jinsi kinavyopungua kadiri ninavyotumikia, kama naweza kuwasilisha vyeti halisi kwa ukaguzi na kubaki navyo mwenyewe, na wiki ya kazi ya mpimaji programu ilivyo. Kwa kuwa nahitaji kuyatafakari majibu hayo pamoja na familia yangu, naomba tarehe ya kujibu isogezwe hadi Ijumaa ya wiki inayofuata."

Umeona nimemweka mama humo. Si pambo. Mwonyeshe mkataba kabla hujatuma, umsomee hasa pale penye vyeti na penye deni. Anaweza kuendelea kusema kenda shika, na atakuwa na haki yake. Anaweza pia kukuuliza swali ambalo mimi na wewe hatujalifikiria, kwa sababu watu waliolipa ada kwa tabu huwa wanazisoma karatasi za madeni kwa jicho jingine.

Barua pepe hiyo itume mapema iwezekanavyo, usingoje Alhamisi, ili wakikataa ubaki na siku za kufikiri. Kampuni ya tatu usiitaje humo. Nakala mpelekee afisa wa ofisi ya ajira ya chuo, na majibu yoyote watakayokupa kwa simu waombe wakuandikie.